Kujitolea na Huzuni ya Vijana Wetu

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa Siku ya Wajitoleaji, kambi ya kupita ya Nkamira, Rubavu, tarehe 5 Desemba

 

Kamati iliniomba niseme maneno machache juu ya kujitolea. Siku hii iliwekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985, na kila mwaka mtu husimama mbele ya watu akawasifu wajitoleaji, tukapiga makofi, ngoma ikachezwa, tukaenda zetu. Makofi yatapigwa, msiwe na wasiwasi. Lakini mimi ni mwalimu, na mwalimu akipewa nafasi ya kusema mbele ya wazazi hawezi kuacha kusema habari za watoto. Kwa hiyo nitasema juu ya huzuni inayowashika vijana wetu wa miaka 13 hadi 19, na namna kazi ya kujitolea inavyoweza kuipunguza. Nitasema pia mahali inaposhindwa, kwa sababu nimeona yote mawili kwa macho yangu.

Nianze na jina la ugonjwa. Hapa Rwanda waganga huuita agahinda gakabije, yaani huzuni iliyopita kiasi. Vitabu vya Tanzania huandika sonona. Sisi tuliotoka Masisi na Rutshuru tunasema tu kwamba mtu "ana mawazo mengi". Washona wa Zimbabwe nao wanalo neno lao, kufungisisa, maana yake kuwaza mno. Nilipolisoma nilicheka, maana ni kama tuliambizana. Usemi huo ni mzuri, lakini una hatari yake. Mawazo kila mmoja wetu anayo, basi mtoto aliye mgonjwa kweli anahesabiwa pamoja na sisi sote tuliochoka na maisha, na hakuna anayemwangalia.

Mtoto aliye mgonjwa kweli mtamjua kwa siku, si kwa saa. Majuma mawili yakipita, kila siku amejiinamia, hacheki na wale aliokuwa akicheka nao, hali au anakula bila kujua anakula nini, usiku yu macho na mchana amelala, masomo yamemtoka kichwani, basi hapo tusiseme tena ni uvivu. Mvulana mara nyingi haonyeshi machozi, anaonyesha ngumi: anagombana kwenye foleni ya maji, anamjibu baba yake vibaya. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na hiyo ni dunia nzima, pamoja na nchi zenye amani na vitanda. Kwetu sisi tuliolala porini na kuvuka mpaka na mabunda kichwani, sioni sababu ya kudhani tuna nafuu kuliko hao.

Sasa niwape habari ya mvulana mmoja. Jina lake silitaji, na nimemwomba ruhusa, akanipa kwa sharti kwamba nisimfanye shujaa. Alikuwa na miaka 16 alipofika hapa na mama yake na wadogo zake wawili, katika lile wimbi la watu lililoanza kuvuka mwishoni mwa mwaka 2022. Baba alibaki nyuma. Kule kwao alikuwa wa kwanza katika hesabu. Hapa alilala kwenye mkeka ndani ya hangari, uso umeelekea shitingi, akaamka kwa chakula na kwa haja tu. Alipokuja darasani kwangu aliketi nyuma akiwa amejifunika kofia ya koti mpaka machoni. Nikamwambia aitoe. Hakuitoa. Nikamwambia atoke nje.

Hilo nalikiri mbele yenu. Chuoni tulifundishwa saikolojia ya mtoto muhula mzima, nami nikapata alama nzuri, halafu mtoto wa kwanza aliyeniletea somo lile akiwa na mwili na nguo nikamfukuza kwa kiburi chake. Kiburi kilikuwa changu.

Nilimfuata jioni kwa sababu mama yake alinisimamisha karibu na bomba, akaniuliza, "Mwalimu, mwanangu amekukosea nini?" Nikaketi kwenye ukingo wa ule mkeka. Kwa muda mrefu hakusema neno. Halafu akasema jambo ambalo sijalisahau. Alisema, "Mwalimu, nyumbani nikichelewa kuamka ndama wanalia. Hapa nikilala mpaka jioni hakuna kinachoharibika."

Ndugu zangu, nimetafuta katika vitabu maelezo ya huzuni ya kambini yaliyo bora kuliko hayo, sijayapata. Tunadhani watoto wetu wanaumwa na yale waliyoyaona tu. Ni kweli, waliyaona, na wengine hawatayasema mpaka wawe wazee. Lakini juu ya maumivu hayo umewekwa mzigo mwingine, nao ni kutokuhitajiwa. Kijana aliyekamua ng'ombe alfajiri, aliyejua njia ya kwenda sokoni Mweso, aliyetumwa na watu wazima, amekuwa namba kwenye orodha. Chakula kinakuja, maji yanakuja, sabuni inakuja, na tunashukuru, lakini yeye hakuna anayemngojea. Tena kambi yetu ni ya kupita. Mtu wa kupita hapandi mti, hajengi ukuta. Anangoja gari la kumpeleka Mahama, na akiwa anangoja anasahau kwamba ana mikono.

Katika hangari ile alikuwamo mama mzee mmoja, watoto wote humwita koko, miguu yake imevimba. Aliyekuwa akimchotea maji, binti wa jirani, alihamishwa na jamaa yake. Koko hakuitisha mkutano. Alimwangalia yule mvulana kwenye mkeka akasema, "Wewe mwenye miguu mirefu, kesho ni wewe." Akampa bidoni ya lita 20. Ndiyo hivyo tu. Sikupanga mimi, wala shirika halikupanga, na sikusudii kudai sifa isiyo yangu.

Kesho yake alikwenda, nadhani kwa haya. Siku ya tatu alichelewa, akamkuta koko ameketi na sufuria kavu mbele yake, hakumgombeza, alimtazama tu. Tangu siku hiyo hakuchelewa tena. Baada ya juma moja alianza kuchota na kwa ajili ya mzee mwingine asiyeona vizuri, akawa anamsomea ujumbe wa simu unaotoka kwa wanawe. Baada ya mwezi alirudi darasani, na kofia ameitoa bila kuambiwa. Nikamwomba awasaidie watoto wa darasa la tatu hesabu za kugawanya kila Jumatano, naye akakubali, akawa mkali kuliko mimi.

Sisemi alipona. Bado alikuwa na usiku mbaya, mama yake alimsikia akizungumza usingizini. Lakini asubuhi aliamka, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyengoja.

Halafu koko naye akapata zamu ya kwenda Mahama. Gari liliondoka asubuhi, mvulana akalipungia mkono. Siku ya pili alirudi kwenye mkeka wake, uso kwa shitingi, kama vile miezi ile haikuwapo. Ilituchukua karibu majuma matatu kumwinua, na safari hii ilibidi tumpeleke kwa mshauri wa kituo cha afya. Hapo nilitambua kosa letu. Tulikuwa tumelitundika zito lote kwenye kamba moja, nayo ilikuwa kamba ya mtu anayepita kama sisi sote.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla yetu. Mnakumbuka ingobyi, wengine kule kwetu huiita kipoyi. Mgonjwa au mama aliyeshikwa na uchungu alilazwa kwenye ile machela, wanaume wanne wakaiweka mabegani, na nyuma yao wakafuata wengine wa kupokea zamu, milima juu milima chini mpaka hospitali. Lilikuwa chama lenye watu na kanuni, na asiyetokea alilipa faini. Kijana alipoambiwa kwa mara ya kwanza, "Njoo ushike hapa," hakuna aliyemuuliza anaendeleaje moyoni, lakini alijua kwamba kilima kimemhesabu. Na akichoka bega, yuko mwenzake nyuma. Mgonjwa akifa njiani, wamembeba pamoja, hakuna mmoja aliyebaki na maiti yake peke yake.

Kwa hiyo sasa, vijana wanaojitolea hapa tunawapanga wanne wanne. Wanawahudumia watu kadhaa, si mmoja. Akihamishwa mhudumiwa, kazi haifi. Akihamishwa kijana, wenzake wanabaki na zamu yake. Yule mvulana yumo katika kundi la kwanza, na ndiye aliyetoa shauri kwamba kila kundi liandike daftari: nani kachotewa, nani kasomewa, nani anahitaji kupelekwa kituo cha afya. Daftari lile akihama mmoja linabaki.

Niruhusuni sasa niseme yale yaliyopimwa mahali pengine, kwa sababu wenzetu wa mashirika wanapenda hesabu, nao hawakosei.

Kaskazini mwa Uganda, karibu na Gulu, wakati watu walipokuwa kambini kwa sababu ya vita vya waasi wa LRA, watafiti walichukua vijana 314 wa miaka 14 hadi 17 wenye dalili za huzuni. Kundi moja lilikutana kila juma, kwa majuma 16, likazungumza juu ya matatizo yao na namna ya kusaidiana, wakiongozwa na watu wa hapo hapo waliofunzwa. Kundi la pili lilipewa michezo na sanaa. La tatu lilingoja zamu yake. Matokeo yalitangazwa mwaka 2007: wasichana waliokutana na kuzungumza walipata nafuu iliyo wazi. Wavulana nafuu yao haikutosha kuhesabiwa kwa uhakika. Na kundi la michezo halikuwazidi wale waliokuwa wakingoja. Hilo liliniuma kidogo, maana mimi mwenyewe nilikuwa nikidhani mpira mmoja na kamba ya kuruka vinatosha. Mpira ni mzuri, tuendelee kuuomba, lakini tusiuite dawa.

Jaribio la pili ni la mbali sana, mji wa Vancouver, Kanada. Huko wanafunzi 106 wa sekondari waligawanywa kwa kura. Nusu walikwenda mara moja kwa juma, kwa majuma 10, kuwasaidia watoto wa shule ya msingi, nusu wakangoja. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba damu ya waliosaidia ilionyesha mafuta mabaya yamepungua pamoja na dalili za uvimbe wa ndani ya mwili, mambo yanayohusu afya ya moyo. Na waliofaidika zaidi ni wale ambao huruma yao kwa wengine iliongezeka na majonzi yao yakapungua. Watoto wale walikuwa wameshiba na wanalala kwao, kwa hiyo sisemi matokeo yao ni yetu. Ninasema tu kwamba si maneno ya walimu na mapadri peke yao: kumsaidia mwingine kunaingia mpaka kwenye damu.

Nikiyaweka haya mawili pamoja, ndipo tulipopata desturi yetu ya uji. Kila Jumamosi, vijana wakimaliza zamu, hawatawanyiki. Wanaketi pamoja, kikombe mkononi, na mtu mzima mmoja, na kila mmoja anasema juma lake lilikuwaje. Asiyetaka kusema anakunywa uji. Mwanzoni walizungumza habari za bidoni tu. Siku moja msichana mmoja akasema kwamba mzee anayemsomea anamkumbusha babu yake, na jinsi babu huyo alivyoachwa njiani. Uji ulipoa vikombeni siku ile. Bila kazi wasingekuwa na sababu ya kuketi, na bila kuketi kazi ingekuwa kazi tu.

Sasa nitasema yale ambayo huenda hayatawapendeza wengine.

La kwanza, kujitolea si kulazimishwa. Wazee wanaikumbuka salongo ya wakati wa Mobutu, jinsi watu walivyotolewa nyumbani kulima na kufagia, na nyimbo juu yake. Hakuna moyo ulioponywa na salongo. Hapa Rwanda kuna umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na sheria ya mwaka 2007 iliuwekea watu wa miaka 18 hadi 65. Umuganda una faida zake nasi tunaushiriki, lakini ni wajibu wa mtu mzima. Mtoto wa miaka 14 mwenye huzuni ukimwambia "ukajitolee, utapona", umempa adhabu nyingine yenye jina zuri. Mwonyeshe kazi tatu au nne, achague. Akikataa zote, mwache, umwulize tena baada ya juma. Tena iwe saa mbili au tatu kwa juma, isizidi, na isiwe saa za darasa.

La pili nalisema kwa adabu kwa wafanyakazi wa mashirika. Niliwahi kuwaona vijana waliohamasishwa na mradi mmoja, sitautaja, wakavalishwa fulana, wakapigwa picha, wakaahidiwa vyeti. Walifanya kazi miezi mitano. Fedha za mradi zikaisha, na wahusika hawakurudi hata kusema kwaheri. Vyeti havikuja. Wale vijana walikuwa wakiniuliza kila juma, baadaye wakaacha kuuliza, na wawili kati yao wakaacha na shule. Kijana aliyekwisha kupoteza nyumba hahitaji kufundishwa tena kwamba ahadi ni upepo. Kama hamna cheti, msikiahidi. Kama mna kazi ya mtu mzima, ya kutwa nzima, basi hiyo ni ajira, mlipeni mtu mzima. Mkitaka kuwasaidia wajitoleaji wetu, tunahitaji buti za mvua, sabuni, madaftari na kilo chache za unga wa uji. Picha zinaweza kungoja.

La tatu ni zito zaidi, na hapa nawaomba mama zetu wanisikilize.

Tulikuwa na binti wa miaka 15, kifungua mimba katika watoto watano, mama yake anaumwa. Huyo alikuwa fahari ya kambi. Alifagia kanisa, aliimba kwaya, aliwatafsiria akina mama kwa waganga, alibeba watoto wa wengine. Tulipoanza makundi yetu alikuwa wa kwanza kujiandikisha, nami nikamsifu mbele ya wote. Siku moja hakutokea. Alikutwa amelala, haumwi mahali popote, hawezi kuinuka. Alimwambia muuguzi kwamba angependa kulala asiamke.

Nimelifikiri sana jambo hilo. Mvulana yule alikuwa anakufa kwa kutohitajiwa. Binti huyu alikuwa anakufa kwa kuhitajiwa na kila mtu. Dawa iliyomwinua mmoja ilikuwa ndiyo sumu ya mwingine, na mimi niliwapa wote wawili kijiko kimoja. Kabla hujamwambia mtoto "njoo utusaidie", tazama kwanza mgongo wake una nini. Na kwa kweli, ndugu zangu, tazameni na tofauti hii: wavulana wetu wengi wanakaa bila kazi, na wasichana wetu wengi hawana hata saa moja iliyo yao. Tukiwaita wote kujitolea kwa tangazo moja, tutawapata wasichana, maana ndio waliozoea kuitika.

Yule binti alipelekwa kituo cha afya siku ile ile, akaanza kuhudumiwa na watu wenye ujuzi. Kila hospitali ya wilaya hapa Rwanda ina idara ya afya ya akili, na si aibu kufika huko. Upande wetu tulichofanya ni kumpunguzia. Akina mama wa hangari waligawana wale wadogo zake, jioni nne kwa juma. Katika kundi letu tulimfuta kwenye orodha ya zamu, tukamwacha kwenye uji. Akauliza, "Nije bila kufanya kazi?" Tukamwambia ndiyo. Alikuja juma la pili, akaketi, akanywa, hakusema kitu. Leo anakuja bado. Ameanza kushona, na anachoshona ni cha kwake.

Wazazi, mtoto akisema amechoka kuishi, au akaanza kugawa vitu vyake, msimwambie anatafuta kusikilizwa, na msimpeleke kuchota maji. Msimwache peke yake. Ondoeni kamba, vidonge na visu karibu naye, mpelekeni siku hiyo hiyo. Na msiogope kumwuliza waziwazi kama anawaza kufa. Wengi wanadhani swali hilo litampa wazo hilo. Halimpi. Mara nyingi linamfungulia mlango.

Nimekaribia mwisho, lakini siwezi kushuka hapa bila kutaja jambo moja la mwezi huu. Katika Desemba kama hii, mwaka 1997, wakimbizi wenzetu Wakongomani waliuawa Mudende, si mbali na hapa, wakiwa wamekwisha kushambuliwa mwezi Agosti mwaka ule ule. Waliosalia walihamishiwa Gihembe, Byumba. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa umri wa hawa wetu, na sidhani kuna aliyekuwa na haki zaidi ya kujilaza uso kwa shitingi. Katika kambi za Gihembe na Kiziba, wakati msaada wa masomo ulipoishia madarasa ya chini ya sekondari, wakimbizi wenyewe walisimama wakawafundisha wadogo zao madarasa ya juu, kwa posho ndogo au bila posho. Gihembe ilifungwa mwaka 2021, watu wakapelekwa Mahama. Mkifika Mahama, waulizeni watu wa Gihembe habari za madarasa hayo. Watawaambia vizuri kuliko mimi.

Sasa matangazo. Makundi yapo matatu, na tunataka kufungua la nne, la kuwasomea na kuwaandikia wazee barua na ujumbe wa simu. Kijana anayetaka anione baada ya mkutano huu, au Jumamosi saa nne asubuhi kwenye hangari ya kwanza, aje na mwenzake mmoja. Wazazi wa mabinti, kabla hamjawatuma, njooni ninyi kwanza tuzungumze jioni zake zikoje. Na tunatafuta watu wazima wawili wa kuketi na vijana kwenye uji, wanaojua kusikiliza bila kutoa hotuba, kwa hiyo mimi simo.

 Ngoma sasa ije.